Duara la Alnitak, Ukungu wa Kilimia

Anayepiga picha ya Kichwa cha Farasi, lile wingu jeusi la vumbi ambalo Williamina Fleming aliligundua mwaka 1888 kwenye bamba la picha la Harvard, hukumbana kwanza na Alnitak. Nyota hii ya mkanda wa Orioni iko jirani mno, na mwanga wake unafunika vyote vilivyo karibu. Picha ikikolezwa ili vumbi lionekane, Alnitak huvimba na kuvaa duara la buluu lenye ukingo mkali.

Duara hilo haliko angani. Mwanga ukifika kwenye kihisi cha kamera, sehemu yake ndogo hudunda, ikagonga filta, ikarudi kwenye kihisi ikiwa imeshatawanyika. Filta ikiwa milimita 10 mbele ya kihisi, mwanga huo umetembea milimita 20 za ziada. Kwa darubini ya f/5, gawa 20 kwa 5: duara la milimita 4. Kwenye kihisi chenye pikseli za mikroni 3.76, hizo ni zaidi ya pikseli 1,000 toka ukingo hadi ukingo. Hivyo, kwa kupima duara lake tu, mtu anaweza kujua ni kioo kipi kinachomharibia picha.

Wengi hukimbilia kupunguza muda wa kupiga. Hiyo huokoa kiini cha nyota kisiungue, basi. Duara hubaki sehemu ileile ya mwanga wa nyota, iwe sekunde 10 au dakika 5.

Kazi yenyewe hufanywa kabla ya kukoleza. Kwa kuwa duara ni mwanga ulioongezwa juu ya mwanga, liondoe kwa kutoa, si kwa kupaka giza. Pima mwangaza wake kuanzia kwenye nyota kwenda nje, upande usio na nebula, kila rangi peke yake, kisha toa kiasi hicho pande zote. Vumbi lililokuwa chini yake litabaki. Programu kama StarNet hutenganisha nyota na anga, ila duara kubwa mara nyingi huliacha, zikilidhania nebula. Anayesugua kwa brashi huishia na shimo jeusi, na shimo huudhi kuliko duara. Afadhali kubakiza kidogo.

Ila kwenye Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wamepimia majira tangu zamani, usiguse kitu kwanza. Ukungu wa buluu ulioko pale ni wa kweli. Wilhelm Tempel aliuona karibu na Merope, mojawapo ya nyota hizo, mwaka 1859, akiwa Venice; mwaka 1912 Vesto Slipher, huko Arizona, aliuchambua akakuta mwanga wake ni uleule wa nyota, maana ni vumbi linaloakisi. Kwa hiyo rangi haikuamulii neno. Isogeze Merope hadi pembeni mwa picha, upige tena: vumbi litaifuata bila kubadilika, lakini duara la kioo kwa kawaida huhama kitovu. Au badilisha filta uone kama ukubwa wake unabadilika.

Picha nyingi za Kilimia, kwa macho yangu, zimesafishwa kupita kiasi. Takriban sekunde 30 tu za tao kutoka Merope kuna IC 349, kipande kidogo cha nebula alichokiona Barnard mwaka 1890. Kimezama ndani ya mng'ao wa nyota, na programu ya kufuta maduara ikikazwa kidogo tu hukifuta pamoja nayo.