Mikono Iliyokufa Ganzi

Kila mwaka kurasa hizi hutuletea habari za arusi, za watoto waliozaliwa na za wazee waliotutoka. Safari hii wahariri wameniomba niandike jambo la manufaa kwa vijana wetu, nami nimechagua jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wakalicheka: kutia vishikio vya joto katika pikipiki. Naomba mnivumilie, kwani ndani yake mna habari ya mtoto wetu mmoja, na mna kosa langu mwenyewe nililolificha kwa miaka.

Jamaa wa hapa Portsmouth wanajua kuwa kwa muda mrefu nilikuwa nikienda kazini Chichester kwa pikipiki. Kazi yenyewe ilikuwa ya zamu, na saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshatoka. Nilipita Eastern Road, maji ya Langstone Harbour yakiwa kuliani kwangu, kisha nikaishika A27. Sisi tuliokulia kwenye kusi na kaskazi tulifunzwa kuuheshimu upepo kwa ajili ya chombo, si kwa ajili ya vidole. Basi nilivaa glavu nene, nikapiga bismillahi na kwenda zangu. Kila aliponiambia mtu kuwa kuna vishikio vinavyopata moto kwa umeme wa betri, nilijibu kwamba hayo ni mambo ya watu laini.

Asubuhi moja ya Januari 2019 nilikuwa nakaribia kipilefti cha Fishbourne, mlangoni mwa Chichester. Lori lilikuwa linakuja kutoka kuliani, na haki ya kupita ilikuwa yake. Nikataka kufunga breki. Akili iliamrisha, lakini vidole vilichelewa kutii, kama si vyangu. Pikipiki ilivuka mstari ndipo ikasimama, na lori likapita mbele ya gurudumu langu huku dereva akipiga honi. Niliegesha pembeni nikakaa pale kwa dakika nyingi, sikuweza hata kufungua mkanda wa kofia. Nyumbani nilisema barabara ilikuwa na utelezi. Haikuwa kweli. Barabara ilikuwa kavu.

Baadaye nilipiga hesabu. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 2, na mwendo ukiwa maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, ngozi iliyo wazi huhisi kama iko kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Mwili nao una hekima yake: hupunguza damu ya mikononi ili kuhifadhi joto la kifua. Kwa mwendo huo pikipiki hukata mita 22 kila sekunde. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinahesabu mita 53 za kusimama, nazo ni kwa dereva ambaye mikono yake inamsikia. Vidole vikichelewa nusu ya sekunde tu, ongeza mita 11. Husemwa kwamba ajali haina kinga, lakini ile yangu ilikuwa nayo, na mimi ndiye niliyeikataa.

Sasa nije kwa mtoto wetu. Mwana wa kaka yangu anasoma chuo kikuu, na usiku hupeleka vyakula majumbani kwa pikipiki ya cc 125 ili apate kulipa kodi ya chumba. Mnamo Novemba 2023 mama yake alinipigia simu. "Shemeji," aliniambia, "mwanao amerudi jana vidole vyeupe kama chokaa, nikamshika mikono nikalia. Mwambie aiuze hiyo pikipiki. Mimi hanisikii, wewe atakusikia."

Kijana akaja siku ya pili. "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe mikono."

Akanionyesha, huku akicheka. "Ami, si baridi tu? Nimeshazoea. Hata wewe uliendesha miaka yote hiyo."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya lori. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Vinauzwa kiasi gani hivyo vishikio?" Nikamwambia kwamba bei tutaizungumza baadaye, kwanza tutazame kama pikipiki yake inavimudu.

Hilo ndilo jambo la kwanza katika kuchagua. Seti ya kawaida ikiwa kwenye joto la juu kabisa hula kama ampea 4, karibu wati 50, sawa na kuwasha taa kubwa ya pili. Pikipiki kubwa haisikii. Pikipiki ndogo, hasa ya zamani, ikiwa katika foleni injini inazunguka polepole, huweza kula umeme mwingi kuliko inaotengeneza. Tulichukua mita ya volti. Betri iliyojaa na iliyotulia husoma kama volti 12.6, na injini ikizunguka kwa mwendo wa kawaida inatakiwa ipande baina ya 13.5 na 14.5. Yake ilifika 14.1, taa ikiwa imewaka. Tukaridhika.

Jambo la pili ni kipimo. Mipini ya pikipiki nyingi ina unene wa milimita 22, lakini baadhi ya zile za kukalia kwa kujinyoosha ni milimita 25. Pimeni pia urefu wa vishikio vya zamani. Kuna vitambaa vya joto vya kuzungushia juu ya kishikio kilichopo. Ni rahisi kutia, lakini huufanya mpini kuwa mnene, na mwenye vidole vifupi atapata taabu kufikia breki. Glavu za umeme ni nzuri kwani hupasha joto hata mgongo wa mkono, ila zile za betri zinataka kuchajiwa, na kijana wa zamu ya usiku atazisahau siku ile ile anayozihitaji. Tukachagua vishikio vyenye swichi inayojizima yenyewe betri inaposhuka.

Mimi nilipotia vyangu mwaka 2019 nilifunga waya moja kwa moja kwenye betri, kwa haraka. Usiku mmoja nikasahau kuvizima, na alfajiri pikipiki ilikuwa kimya kama jiwe. Kwa hiyo safari hii tulitumia rilei. Rilei ni kama bawabu. Waya mwembamba wa kutoka taa ya nyuma humwambia kuwa ufunguo umefunguliwa, naye huruhusu umeme wa waya mnene upite kutoka kwenye betri. Ukizima ufunguo, anafunga mlango. Waya huo mnene lazima uwe na fyuzi karibu na betri, maana ukichubuka ukapiga shoti bila ya fyuzi, utawaka moto chini ya tangi la petroli.

Vishikio vya zamani tulivikata kwa kisu, tukasafisha mpini kwa spiriti. Kishikio cha kulia kina tundu pana zaidi, kwa sababu huvaa juu ya mrija wa plastiki unaozunguka kuongeza mafuta. Mrija huo mara nyingi huwa na mistari iliyoinuka, nasi tukaipunguza taratibu kwa tupa na msasa. Kisha tukavivisha vyote bila ya gundi, kwa majaribio, kwa kuwa gundi ile hushika kwa sekunde chache na haina msamaha.

Kazi ilipokwisha jua lilikuwa limeshakuchwa, na kijana alikuwa na zamu saa moja. Alishavaa kofia. Nikamwambia asubiri. Nikazungusha mkono wa mafuta na kuuachia. Ulirudi, lakini polepole, na usukani ulipokatwa kushoto kabisa haukurudi wote. Kishikio kilikuwa kimesukumwa ndani mno kikisugua kasha la swichi, na waya wake ulikuwa umekazwa.

"Ami, ni kidogo tu, kitalegea chenyewe njiani."

"Mwanangu, baridi itakuchelewesha kusimama. Hiki kitakukataza kabisa."

Alikasirika, sikatai. Alipiga simu kuwa hatakwenda kazini, na pato la usiku ule likapotea. Kile kishikio hakikubali kutoka, tukakikata. Tuliagiza kingine na kukitia Jumapili, safari hii tukiacha nafasi ya milimita 2 na waya uliolegea. Tukajaribu usukani kushoto, katikati na kulia, injini ikiwa imezimwa na kisha ikiwa imewaka. Kila mahali mkono wa mafuta ulirudi wenyewe kwa kishindo. Msikilizeni mlio huo. Asiyeusikia asiitoe pikipiki nyumbani.

Nimalizie kwa mambo matatu madogo. Joto la vishikio hufika kiganjani tu, kwa hiyo vaeni glavu nyembamba kiganjani na nene mgongoni, na mkiweza mtie ngao za kuzuia upepo. Pili, iarifuni kampuni ya bima kuwa mmebadilisha kitu. Tatu, mkihisi vidole vimekufa ganzi, simameni. Chakula cha mteja kikipoa kitapashwa moto.

Kijana wetu bado anaendesha. Mama yake hajafurahi, na sidhani kama atafurahi mpaka amwone na gari. Lakini kila usiku anaporudi humnyooshea mkono mlangoni kabla ya salamu, naye mama huushika, akaupima kwa muda, ndipo akamwachia apite. Na mimi, shemeji yangu akiyasoma haya, atajua ya lile lori. Namwomba radhi, yeye na jamaa wote. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau upepo, na Mwenyezi Mungu akanisamehe kwa mita chache.