Askari wa Zamu na Dawa ya Tumbo

Askari asumbuliwaye na msokoto wa tumbo mwezi baada ya mwezi, leo akiharisha na kesho akifunga choo, hudhaniwa upesi kuwa ni mkwepa kazi, hasa daktari amkaguapo asione kidonda wala mdudu. Dhana hiyo si ya haki. Utumbo wepesi wa kuchokozeka ni maradhi ya kweli, nayo mara nyingi huanza baada ya mtu kuugua tumbo la kuhara, jambo lisilokosekana katika kambi za vita. Mwaka 1962, Chaudhary na Truelove wa Oxford, Uingereza, walieleza habari za wagonjwa 130 wa namna hiyo. Yapata robo yao walianzia hapo.

Dawa moja ya maradhi haya yatokana na elimu iliyopatikana kwa vyura. Mwaka 1921, huko Graz katika Austria, Otto Loewi aliuchokoza mshipa wa fahamu wa moyo wa chura hata mapigo yakapungua. Akayachukua maji ya moyo ule, akayatia katika moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo ingawa mshipa wake haukuguswa. Kumbe mishipa ya fahamu ina tarishi wake! Tarishi huyo ni asetilikolini, na afikapo utumboni huleta amri ya kukaza. Dawa kama disiklomini humfungia mlango, na msuli hulegea.

Je, yafaa? Katika majaribio, wagonjwa 82 katika kila 100 waliokunywa miligramu 160 za disiklomini kwa siku walipata nafuu. Kati ya waliopewa vidonge vitupu, 55 walipata nafuu pia. Hawa wa pili hawakuwa waongo: maradhi haya hupanda na kushuka yenyewe, na kutunzwa peke yake humtuliza mgonjwa. Mwaka 2021 wataalamu wa tumbo wa Uingereza walisema kuwa dawa za kutuliza msokoto huenda zikasaidia, lakini ushahidi wake ni dhaifu.

Tena tarishi huyu hana kituo kimoja. Ndiye aamrishaye jasho, mate na mboni ya jicho. Azuiwapo, mdomo hukauka, macho huona ukungu, na kichwa huweza kuzunguka. Kwa karani mezani huo ni udhia tu. Kwa askari aendaye matembezi marefu juani na mzigo mgongoni, kukosa jasho ni kupandisha joto la mwili, nalo laweza kuua. Dereva wa lori la usiku na mlenga shabaha, wao wayahitaji macho yao.

Kwa hiyo, ndugu askari, mwambieni mganga wa kikosi kazi mnayoifanya kabla hajawaandikia dawa hizi. Na yule aonaye damu chooni, au mwenye homa, au anayekonda bila sababu, asitulizwe kwa vidonge hivi. Na apimwe kwanza.