Matege, Jua na Dagaa wa Ziwani



Wengi hudhani kuwa kwenye jua kali kama letu mtoto hawezi kupungukiwa na vitamini D. Si hivyo. Vitamini hii hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, na kazi yake ni kuusaidia mwili kunyonya madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ikikosekana mifupa hubaki laini, na mtoto akianza kusimama miguu hupinda. Hayo ndiyo matege.

Jua liko nje, lakini mtoto yuko ndani. Mzazi hukaa arobaini chumbani, mtoto kafungwa kanga hadi kichwani, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani. Hata Oman na nchi nyingine za Ghuba, zenye jua kuliko sisi, upungufu huu ni wa kawaida.

Hatusemi hijabu iachwe, hasha! Uani penye uzio mama anaweza kuota jua mikono na miguu wazi, na mwanawe ubavuni, jua likishapanda kidogo lakini halijawa la kuchoma.

Jua peke yake pia halitoshi. Huko Jos, Nigeria, watoto 123 wenye matege walitibiwa kwa majaribio, na matokeo yakatangazwa mwaka 1999: waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu haba. Nasi tunaokula ugali wa muhogo au mahindi kila siku tujiangalie. Bahati yetu ni dagaa, maana huliwa na mifupa yake. Wakisagwa, huingia hata kwenye uji wa mtoto aliyekwisha anza kula. Tunashangaa kuona dagaa wanadharauliwa eti ni mboga ya shida.

Miguu ya mtoto aliye chini ya miaka miwili huwa imepinda kidogo, na hilo si ugonjwa. Lakini akichelewa kutembea, vifundo vya mikono vikivimba, au upindaji ukizidi, apelekwe hospitali, si kwa mganga wa kuagua nani kamroga. Akitibiwa mapema, mara nyingi miguu hunyooka bila upasuaji. Binti akiachwa hivyo hivyo, nyonga zake huweza kubaki nyembamba, na shida ikaja kuonekana siku ya kujifungua.