Gazeti la wamama lenye jina la muuza vyungu

Mwaka uliopita, sisi wa sendika tuliandika barua ya madai, kurasa tatu. Mbao za kukinga shimo, mashini ya kuvuta maji, bei ya dhahabu: yote ilikuwa ndani. Tukaisoma mbele ya watu. Mama mmoja twangaise, mwenye kutwanga mawe tangu ujana wake, akatuuliza: « Na sisi tuko ukurasa wa ngapi? » Tukafungua kurasa, tukazifunga. Hawakuwamo.

Njo maana leo tunawaletea habari ya gazeti moja la ng'ambo ya Tanganyika.

Kwetu Congo, wazee walizoea gazeti la kampuni. Kule Katanga, Union Minière ilianzisha Mwana Shaba mwaka 1957, na mwenye kalamu alikuwa kampuni. Bibi wa mfanyakazi alipelekwa kwenye foyer social, afundishwe kushona, kupika na kuweka nyumba safi. Si mabaya, shati la kushonwa na mama nalo ni shati. Lakini nani alimuuliza yeye mwenyewe anataka kusema nini?

Huko Dar es Salaam, mwaka 1987, wamama waandishi wa habari walijiunga wakaanzisha chama chao, TAMWA. Kati yao walikuwa Fatma Alloo, Leila Sheikh na Edda Sanga. Wakati ule gazeti la Uhuru lilikuwa la chama tawala, Daily News la serikali, na redio pia ya serikali. Habari za mwanamke zilipita kwanza mikononi mwa wakubwa. Basi mwaka 1988 wakatoa gazeti lao wenyewe, wakaliita Sauti ya Siti.

Siti ni nani? Ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa wafinyanzi, naye alibeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, akiita wanunuzi kwa sauti. Sauti ile ile njo ilimtoa. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri, mambo ambayo mwanamke wa pwani yetu hakuwa amefanya. Alikufa mwaka 1950. Wale waandishi hawakuchukua jina la bibi wa mkubwa yeyote. Walichukua la muuza vyungu. Hilo lilitupendeza sana.

Na namna yao ya kazi, mtu wa sendika anaielewa mara moja. Hawakutegemea gazeti moja tu. Walichagua jambo, wakapatana, kisha siku zile zile likasikika redioni na kusomwa kwenye magazeti mbalimbali, pigo moja. Ni kama mgomo: shimo moja likisimama, bosi anacheka, yote yakisimama, anatafuta kiti mukae muongee. Walipigana hivyo miaka, wao na vyama vingine, mpaka mwaka 1998 Bunge la Tanzania likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana. Mbakaji akapangiwa miaka 30 ya gereza, ao maisha.

Ng'ambo hii, hapa Bukavu, wamama wa redio walijiunga mwaka 2003, ni AFEM, pamoja na Chouchou Namegabe. Walitaka kusema waziwazi yale yaliyowapata wamama wakati wa vita. Lakini kwa lugha zetu za nyumbani jambo lile lilizungukwa tu, bila jina la kulitaja redioni. Wakaazima neno kwenye Kiswahili cha Tanzania: ubakaji. Leo kila mtoto wa Kadutu analijua, kama vile lilizaliwa hapa.

Sisi barua yetu tunaiandika upya. Yule mama alikataa tumwandikie. Aliomba daftari na bic, akamwita binti yake wa sekondari, wakakaa karibu na kinu. Ukurasa wa kwanza umejaa tayari: vumbi linaloingia kifuani, mtoto mgongoni saa zote za kutwanga, na malipo ya beseni moja ya mawe. Malipo yale, wenye kuyakata ni sisi wenyewe wa mashimoni. Hapo kuna kelele kubwa kati ya wababa. Mkutano ni Jumapili, kisha misa.