Mhina na Maana Yake

Katika arusi za Magomeni, Dar es Salaam, bibi arusi hupakwa hina mikononi na miguuni. Mhina ni mti mdogo wenye matawi mengi. Majani yake huota mawili mawili yakielekeana, na maua yake ni madogo, meupe, yenye petali nne na harufu nzuri. Lakini rangi haimo katika ua, imo katika jani. Jani hukaushwa, husagwa, hukandwa kwa maji. Rangi yake huzidi kukolea siku ya pili, wala haitoki kwa kuoshwa, ila ngozi ibanduke yenyewe.

Hina ni alama ya furaha. Ndiyo sababu mjane wa Kiislamu akaapo eda, miezi minne na siku kumi, haipaki. Walakini si alama ya dini moja: Wimbo Ulio Bora 1:14 hutaja mhina penye mizabibu ya Engedi. Basi mwalimu amwonapo binti Mkristo mwenye hina, asidhani ameiacha imani yake. Afadhali amwonye juu ya piko itengenezwayo kwa dawa ya nywele: hiyo si zao la mhina, nayo yaweza kubabua ngozi.