Mshauri wa biashara alipwe kwa jibu, si kwa andiko

Mavuno ya alizeti katika mikoa ya Singida na Dodoma huanza Mei na kupamba moto Juni na Julai. Miezi hiyo magunia hurundikana kwenye viwanda vidogo vya kukamua mafuta, mashine hukesha zikiunguruma, na wenye mali huona fedha ikipita mikononi kila siku. Ni wakati huo huo wengi huamua kukopa ili wanunue mashine ya pili. Ikifika Desemba au Januari, vingi vya viwanda hivyo huwa vimefungwa kwa kukosa mbegu. Mashine zote mbili zimelala, lakini marejesho ya benki hayalali.

Mkopo wa shilingi milioni 12 kwa miezi 24, riba tukiiweka kando, ni shilingi 500,000 kila mwezi. Kiwanda kinachokamua miezi mitano tu kwa mwaka kinatakiwa kutoa fedha hiyo kwa miezi yote 12. Hesabu hii si ngumu, na mwenye kiwanda angeweza kuifanya mwenyewe juu ya kipande cha karatasi. Haifanyi kwa sababu yumo ndani ya kelele za mashine. Hapo ndipo mtu wa nje, anayelipwa kuuliza maswali, anapokuwa na thamani.

Mshauri anayeijua kazi yake haanzi na mashine. Atataka kujua msimu uliopita yaliingia magunia mangapi, mangapi ya wakulima wanaokamuliwa kwa ujira na mangapi ya kiwanda chenyewe, zilitoka lita ngapi, na mashudu yaliuzwa kwa nani. Swali la mashudu huwaudhi wengi. Mara nyingi mashudu ndiyo fedha ya mfukoni ya mwenye mali: wafugaji hununua kwa taslimu, fedha inalipa karo na sukari ya nyumbani, na daftarini haionekani. Ikianza kuandikwa, pengine itagundulika kwamba ndiyo iliyokuwa ikikibeba kiwanda.

Majibu hayo yakipangwa vizuri, yanaweza kuonyesha kwamba kinachopungua ni fedha ya kununua mbegu wakati bei iko chini, wala si mashine. Kama ni hivyo, mkopo unaofaa ni mdogo zaidi, wa kuchukuliwa mavuno yanapoanza, na marejesho yake yafuate mauzo ya mafuta. Huo ndio ushauri wa kulipiwa.

Daftari hilo hilo lina faida nyingine kwa mtoza kodi. Kwa jedwali la kodi ya makadirio lililopitishwa mwaka 2019, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya shilingi milioni 8 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alipangiwa kodi ya shilingi 250,000. Mwenzake mwenye mauzo hayo hayo, lakini mwenye kumbukumbu, alipangiwa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, yaani jumla ya shilingi 120,000. Tofauti ni shilingi 130,000, na imeletwa na daftari tu.

Kwa bahati mbaya, wafanyabiashara wengi wanapotafuta mshauri hununua andiko la mradi. Kijana mwenye kompyuta hulipwa, hutoa kurasa 40 zenye michoro ya rangi, na mara nyingine kinachobadilika kutoka andiko la mteja mmoja hadi la mwingine ni jina la juu. Siku ofisa mikopo anapouliza tarakimu za ukurasa wa 17 zimetoka wapi, mwenye kiwanda hana la kusema. Vishoka wa namna hii wapo katika kila mji, na hudai malipo yote kabla ya kazi.

Njia ya kujikinga ni kuuliza usajili. Wahasibu na wakaguzi wa hesabu husajiliwa na NBAA, bodi iliyoanzishwa mwaka 1972, na washauri wa kodi husajiliwa na Mamlaka ya Mapato. Pia pima kama mtu huyo anafuata mabadiliko. Usajili wa vyakula, mafuta ya kula yakiwemo, ulihamishwa mwaka 2019 kutoka TFDA kwenda TBS. Mshauri anayekutuma kwenye dirisha la zamani anauza maarifa yaliyochacha.

Asiye na uwezo wa kulipa aanzie SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lenye ofisi mikoani. Mjasiriamali mdogo anayetaka alama ya ubora ya TBS kwenye chupa zake huhitaji barua ya utambulisho kutoka SIDO, kwa hiyo safari hiyo haitapotea. Atakayemlipa mshauri binafsi aandikishane naye: swali ni lipi, jibu litatolewa lini, na sehemu ya malipo ibaki hadi jibu lipatikane.

Na aende mapema. Februari au Machi mshauri atamkuta ametulia na madaftari yake ya msimu uliopita mezani. Akingoja Juni, atakuwa na nafasi ya kusikiliza kitu kimoja tu, nacho ni mashine.