WALISHINDA WOTE WAWILI

Bila shaka umewahi kutazama watu wakishindana mbio. Wote hutoka pamoja, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Lakini yako mashindano ambayo watu hutoka mmoja mmoja, na saa ndiyo huamua. Je, saa ikisema kuwa watu wawili wamelingana kabisa, nani apewe medali ya dhahabu?

Jambo hili lilitokea nchini Urusi tarehe 12 Februari, 2014. Siku hiyo akina mama walishindana kuteleza kwenye theluji, kutoka juu ya mlima mpaka chini. Ilikuwa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Michezo hiyo ilifanyika katika mji wa Sochi na katika milima ya Rosa Khutor iliyo karibu na mji huo.

VIBAO VYA KUTELEZEA

Theluji ni maji yaliyoganda angani yakaanguka kama unga mweupe. Wenzetu wanaoishi karibu na Mlima Kilimanjaro huiona kileleni. Katika nchi za baridi theluji hufunika hata mashamba na mapaa ya nyumba. Watu wa huko walijifunza tangu zamani kupita juu yake kwa kufunga vibao virefu miguuni. Vibao hivyo huitwa skii. Mwanzoni vilikuwa chombo cha safari, kama wewe unavyotumia baiskeli kwenda sokoni. Baadaye vikawa pia vya michezo.

Skii za mbio hizi zina urefu wa zaidi ya mita 2. Mchezaji hushika fimbo mbili mikononi. Kichwani huvaa kofia ngumu, kama ya mwendesha pikipiki. Njia yake imewekewa malango, na ni lazima apite katika kila lango. Akiacha lango moja tu, ametolewa.

Njia ya Rosa Khutor ilikuwa na urefu wa mita 2,713. Mwanzo wake ulikuwa juu kuliko mwisho wake kwa mita 790. Mtu akitembea urefu huo kwenye tambarare hutumia karibu nusu saa. Akina mama hawa walishuka kwa muda usiofika dakika 2! Waliokwenda kasi zaidi walikuwa na mwendo wa wastani wa kilometa 96 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi linalokimbia kupita kiasi kwenye barabara ya lami. Tena basi lina breki. Mtelezaji ana miguu yake tu, na kazi kubwa hufanywa na magoti.

MAGOTI YA DOMINIQUE

Dominique Gisin ni mwananchi wa Uswisi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 28. Kabla ya siku hiyo madaktari walikuwa wamempasua magoti mara 9. Hebu fikiri. Mara 9 amelala kitandani, mara 9 amejifunza tena kuukanyagia mguu. Watu wengi wangeacha mchezo huo wakatafuta kazi nyingine. Yeye alirudi.

Siku hiyo Dominique alitoka wa 8. Alishuka kwa dakika 1 na sekunde 41.57. Akawapita wote waliomtangulia. Lakini wachezaji wengi walikuwa bado juu mlimani. Hapakuwa na jambo lolote alilobakiwa nalo ila kusimama chini na kungoja. Mkulima aliyemaliza kupanda, akabaki kutazama mawingu, anajua kungoja huko kulivyo.

Akashuka Lara Gut, Mswisi mwenzake. Alichelewa kidogo sana, muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Dominique akabaki wa kwanza.

Kisha akatoka Tina Maze, wa 21. Tina anatoka Slovenia, nchi ndogo yenye watu kama milioni 2. Nchi hiyo ilikuwa haijapata hata medali moja ya dhahabu katika Olimpiki ya baridi. Tina akashuka, akavuka mstari. Watu wote wakatazama ubao wa saa. Ubao ukaonyesha dakika 1 na sekunde 41.57.

SAA INAVYOHESABU

Katika mbio hizi saa inayoamua mshindi haibonyezwi kwa kidole. Juu mlimani kuna kijiti. Mchezaji anapotoka, mguu wake hukisukuma, na saa huanza. Chini kuna mwale wa mwanga. Anapoukata, saa husimama.

Unajua kuwa shilingi 1 ina senti 100. Saa hii nayo huigawanya sekunde 1 katika sehemu 100. Kwa mwendo ule, katika sehemu moja tu mtu husogea kama sentimeta 27. Rula ya mwanafunzi ina sentimeta 30. Basi katika njia ya mita 2,713, tofauti ya akina mama hawa haikufika hata urefu wa rula!

Saa za siku hizi zinaweza kugawanya zaidi ya hapo. Lakini sheria ya mchezo inasema hesabu iishie kwenye sehemu 100. Nami naona sheria hiyo ni ya haki. Aliyetoka wa 8 na aliyetoka wa 21 hawapiti kwenye theluji ile ile. Jua linapanda, theluji inalainika, upepo unabadilika. Kumnyima mtu dhahabu kwa kitu kidogo kama chembe ya ulezi si uamuzi mzuri.

Kwa hiyo wote wawili walipewa dhahabu. Medali ya fedha haikutolewa, na Lara Gut akapata ya shaba. Michezo hii ya kushuka mlimani iliingia katika Olimpiki mwaka 1936. Tangu wakati huo, watu wawili walikuwa hawajawahi kugawana dhahabu. Dominique aliwapigia simu babu na bibi yake, huku akilia kwa furaha. Yeye na Tina walipanda jukwaani wakiwa wameshikana mikono.

Afrika Mashariki nayo imefika katika michezo hii. Mwaka 2018, huko Korea Kusini, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii. Yeye alizaliwa Kilifi, akakulia Austria. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya baridi.

Dominique aliacha mashindano mwaka 2015. Tina hakungoja muda mrefu kupata dhahabu ya pili. Tarehe 18 Februari, 2014, siku 6 tu baada ya kulingana na Dominique, alishindana tena katika milima ile ile. Safari hii ilikuwa mbio za malango mengi, ambazo mtu hushuka mara mbili na muda wake hujumlishwa. Saa ilimtenga na mwenzake wa Austria kwa sehemu 7 kati ya zile 100 za sekunde. Tina alikuwa mbele, na dhahabu hiyo hakugawana na mtu.